Machimbo ya Bamburi: Jinsi Jiwe Tupu Lilivyoota Msitu

Mtu atokaye kisiwani Mombasa kwenda Malindi huvuka daraja la Nyali, akaipita Kongowea na soko lake lenye makelele, kisha akaishika barabara ya kaskazini. Mkono wa kulia, nyuma ya minazi na hoteli, iko bahari. Hata asipoiona huisikia katika upepo. Mkono wa kushoto, baada ya mwendo wa kama kilomita 10, huona kiwanda cha saruji cha Bamburi, na karibu nacho msitu wa miti mirefu myembamba yenye majani kama nywele. Wasafiri wengi hupita bila kugeuza shingo, kwa kuwa msitu kando ya njia si ajabu. Hawajui ya kuwa mahali pale penye kivuli hapakuwa na hata ukoka mmoja, na ya kuwa miti ile imesimama juu ya jiwe.

Ili kuufahamu msitu huo yafaa kwanza kulifahamu jiwe lenyewe. Zaidi ya miaka 100,000 iliyopita bahari ilisimama juu kuliko inavyosimama leo, na ukanda huu wa pwani ulikuwa chini ya maji. Matumbawe, ambayo ni kazi ya wadudu wadogo wa baharini, yalijengeka tabaka juu ya tabaka. Kisha maji yakashuka, na matumbawe yakabaki nchi kavu yakawa mwamba. Watu wa pwani wamelitumia jiwe hilo tangu kale. Misikiti na nyumba za Gede na za Lamu zilijengwa kwalo, na Wareno walipoanza kuijenga Ngome ya Yesu mjini Mombasa mwaka 1593 walitumia jiwe hilohilo. Mafundi walilikata kwa mikono na kuchoma chokaa kwa kuni, na jeraha walilolitia katika nchi lilikuwa dogo.

Saruji ilileta kipimo kingine. Kiwanda cha Bamburi kilianza kazi mwaka 1954. Kutengeneza saruji ni kulisaga jiwe la chokaa, kulichanganya na udongo wa mfinyanzi, na kuuchoma mchanganyiko huo katika tanuri yenye moto wa kadiri ya digrii 1,450. Kenya ilitaka shule, hospitali, madaraja na magati, na vyote hivyo vilitaka saruji. Basi miti iliondolewa, kisha udongo, ambao juu ya matumbawe ni mwembamba kama ngozi juu ya muundi. Kisha mwamba ukavunjwa na kuchukuliwa. Mwaka baada ya mwaka mashimo yalipanuka, hata sakafu yake ikafika karibu na usawa wa bahari.

Aliyesimama ndani ya shimo siku zile alipigwa na jua mara mbili: mara ya kwanza kutoka juu, na mara ya pili kutoka chini, maana jiwe jeupe lilimrudishia usoni mwake. Chini kidogo ya sakafu yalikuwako maji, lakini maji yenyewe yalikuwa na chumvi. Udongo haukuwapo, wala kivuli.

Asubuhi moja ya Jumapili mzee mmoja kutoka Ukambani aliingia katika msitu wa Bamburi kwa magongo mawili, mguu wake wa kushoto umefungwa plasta hadi gotini. Alikuwa amekuja Mombasa kukaa kwa mwanawe, karani wa bandarini, hata mguu upone. Aliuvunja katika shamba lake mwenyewe. Palikuwa na matuta pale, yaliyochimbwa na mama yake pamoja na wanawake wenzake wa mwethya, lakini mzee huyo aliacha yakabomoka. Mbuzi wakafanya njia yao kuteremka mtoni, mvua ikaifuata njia ya mbuzi, na baada ya miaka michache njia ikawa korongo lenye kina cha kumfunika mtu. Usiku mmoja alipokuwa akimtafuta mbuzi aliyepotea ukingo ulimong'onyoka chini ya mguu wake.

Kwa wiki 5 alikaa nyumbani kwa mwanawe akitazama ukuta. Kila alipojuliwa hali alijibu maneno yaleyale: "Mguu umekatika, na shamba limekatika. Ni kipi kilichobaki?" Mwanawe, kwa kuwa hakuwa na jibu, alimleta huku apate hewa.

Kijana Mgiriama aliyekuwa akiwaongoza wageni aliwapokea langoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Usinitembeze sana. Mimi ni mtu wa mguu mmoja."

"Tutakwenda kwa mwendo wako, mzee. Huku hatuna haraka. Hata msitu wenyewe haukuwa na haraka."

Wakaenda polepole chini ya miti, hata wakafika penye kiti cha mbao, na mzee akaketi. Kijana akawaonyesha ukingo wa mwamba, mweupe, uliokatwa wima kama ukuta, akawaambia ya kuwa ardhi yote waliyoipita ilikuwa zamani katika kimo cha ukingo ule, na ya kuwa wao sasa wamekaa katika sakafu ya machimbo. Kisha akawasimulia habari.

Mwaka 1971 kazi ya kujaribu kuyafunika mashimo ilikuwa mikononi mwa bwana shamba wa kiwanda, René Haller, mzaliwa wa Uswisi. Waswahili husema, "Mgomba changaraweni haupandwi ukamea," na shimo lile lilikuwa baya kuliko changarawe. Haller na wafanyakazi wake walipanda miti ya aina 26. Aina 23 zilishindwa. Zilizostahimili ni 3 tu: mnazi, mti uitwao damas, ambao kwao ni nchi kavu za Somalia, na mvinje, ambao watu wa pwani huujua kwa nguzo na fito zake. Kufaulu mara 3 katika 26, wengi wangekuita kushindwa. Haller alikuona kuwa ni jibu: jiwe lenyewe limesema ni nani litakayempokea kwanza.

Mvinje hauchukii chumvi wala jua. Tena una siri katika mizizi yake. Kama vile maharagwe yanavyoota vifundo vyenye vijidudu vinavyoishika naitrojeni ya hewani na kuifanya chakula cha mmea, ndivyo na mvinje uwavyo na vifundo vyake. Mti huo hubeba sehemu ya mbolea yake mwenyewe, na kwa hiyo waweza kukaa mahali ambapo mti mwingine ungekufa njaa. Mivinje ikakua kwa haraka, na kwa mara ya kwanza sakafu ya shimo ikapata kivuli.

Lakini hapo kazi ilitaka kukwama. Mvinje huangusha majani membamba kama sindano, na ndani ya majani hayo mna ukali wa namna ileile iliyo katika magome ya miwati, ambao hutumika kutengenezea ngozi zisioze. Basi majani ya mivinje nayo hayakuoza. Yalianguka na kulala juu ya jiwe, makavu, tabaka juu ya tabaka, yasigeuke udongo. Miti ilikuwapo, lakini hapakuwa na kitu cha kulisha miti mingine.

Kijana alipofika hapo aliinama, akafukua majani kwa vidole, akainua kiganja cha udongo mweusi na kumpa mzee. Mzee aliusugua kati ya kidole na gumba, akaunusa kama wakulima wanavyonusa udongo.

"Huu mliuleta kwa lori kutoka wapi?"

"Haukuletwa, mzee. Umezaliwa hapa. Na mzazi wake ni huyu."

Katika kiganja chake palikuwa na jongoo mweusi mwenye miguu myekundu, amejikunja kama kifungo cha koti. Mwanawe mzee akarudi nyuma hatua moja. Mzee akacheka, labda kwa mara ya kwanza tangu kuvunjika mguu.

Haller alimwona jongoo huyo akiyala majani ya mvinje ambayo hayakuliwa na mdudu mwingine. Hapo wafanyakazi wakatumwa kuwaokota majongoo kwa mamia katika vichaka vya jirani na kuwamwaga chini ya mivinje. Jongoo huyatafuna majani na kuyatoa yakiwa yamesagika, na katika mavi yake vijidudu wasioonekana kwa macho hupata nafasi ya kuimaliza kazi. Ndivyo mboji ilivyoanza kujengeka juu ya jiwe. Katika mboji mbegu zilizoletwa na upepo na ndege zikaota. Miti ya asili ya pwani ikapandwa baina ya mivinje. Wadudu wakaja, na ndege wakawafuata wadudu. Mabwawa yakachimbwa yakawekwa perege. Baadaye wakaletwa twiga, pofu, choroa na viboko. Njia ya wageni ilifunguliwa mwaka 1984, na mahali hapo hatimaye pakaitwa Haller Park. Watu husema, "Tupa jongoo na mti wake." Bamburi hawakumtupa hata mmoja.

Mwenye kuitafakari habari hiyo ataona ya kuwa hakuna mtu aliyetengeneza udongo ule. Watu walifanya mambo mawili tu: waliacha kuchimba mahali pale, na walimleta kila mfanyakazi kwa zamu yake. Mvinje ulitangulia, jongoo akafuata, kisha vijidudu, kisha mbegu. Kama wangaliupanda mti wa msituni siku ya kwanza ungalikauka, wala si kwa kuwa mti ni mbaya, bali kwa kuwa zamu yake ilikuwa bado.

Utaratibu huo umo pia katika mwili wa kila mtu. Mkulima akijikata kwa panga, damu hutoka, na baada ya dakika chache huganda. Huo ndio mvinje wa jeraha: si nyama mpya, bali kifuniko cha kwanza ambacho chini yake kazi yaweza kuanza. Kisha huja chembe nyeupe za damu, ambazo hula uchafu na vijidudu vya ugonjwa, kama jongoo alavyo majani. Kisha mishipa midogo huota, na nyama mpya hujaza shimo. Mwisho ngozi hutambaa kutoka kingoni kuelekea katikati. Daktari hufanya nini? Huosha, hushona, hufunika, huzuia lisipate vijidudu. Kuunga nyama ni kazi ya nyama yenyewe.

Mfupa nao ni vivyo hivyo. Palipovunjika damu hukusanyika. Katika wiki chache za kwanza hutokea gegedu laini linaloziunganisha ncha mbili. Gegedu hilo hugeuka polepole kuwa mfupa mgumu. Na kwa miezi mingi baadaye, hata miaka, mwili huuchonga mfupa huo upate kurudia umbo lake. Plasta haiungi kitu. Kazi yake ni kuutuliza mguu, ili yule afanyaye kazi ndani asisumbuliwe.

Wala mwili haungoji kuumia ndipo ujifanye upya. Chembe nyekundu ya damu huishi siku 120 hivi, kisha hufa, na nyingine huwa imekwisha kuzaliwa katika uboho wa mifupa. Mtu mzima huzifanya chembe hizo kwa kadiri ya milioni 2 kila sekunde, hata akiwa amelala, hata akiwa amekata tamaa. Ini ni la ajabu zaidi: mtu mwenye afya aweza kukatwa zaidi ya nusu ya ini lake apewe mgonjwa, na katika miezi michache lile lililobaki hukua hata karibu na ukubwa wake wa kwanza. Mzee aliyekaa wiki 5 akitazama ukuta alidhani hakuna kinachotendeka. Lakini chini ya plasta kazi ilikuwa ikiendelea usiku na mchana bila yeye kuulizwa.

Walipoinuka kwenda mbele kijana aliwaambia habari ya mnyama mmoja aliyeletwa hapo. Tarehe 26 Desemba 2004 mawimbi ya tsunami yalifika pwani ya Kenya. Karibu na Malindi mtoto wa kiboko wa umri wa kama mwaka mmoja alionekana peke yake kwenye mwamba wa baharini, ametengwa na wenzake. Wavuvi na wenyeji wengi walisaidia kumwokoa kwa nyavu na kamba, akaletwa Bamburi, akaitwa Owen. Katika uwanja aliowekwa alikuwamo kobe mkubwa wa asili ya kisiwa cha Aldabra, aliyekisiwa kuwa na umri wa miaka 130 hivi. Mtoto yule alimkimbilia kobe na kujificha nyuma yake kama nyuma ya mama. Mara ya kwanza kobe hakupenda. Baada ya siku kadhaa walikuwa wakilala pamoja, na kiboko aliyekataa chakula alianza kula kwa kumwiga kobe.

"Na kobe huyo aliitwa nani?" akauliza mwanawe mzee.

"Mzee," akajibu kijana, na wote watatu wakacheka.

Hata hivyo si haki kumdanganya msomaji ya kuwa kila kitu hurudi. Kidole kilichokatika chote hakioti tena. Kovu ni ngozi, lakini halina vinyweleo wala halitoki jasho, na nguvu zake hazifiki za ngozi ya kwanza. Mjusi hukata mkia wake akaotesha mwingine, lakini ndani ya mkia mpya mna gegedu mahali pa mfupa. Bamburi nayo jiwe lililochukuliwa halikurudi, na halitarudi. Limo katika kuta za miji. Msitu ulioko leo si ule uliokuwako kabla ya machimbo. Ni msitu mwingine, umekaa chini zaidi, na miti iliyoutangulia ni ya kigeni. Kufanywa upya si kuwa kama jana. Ni kuendelea kuishi kwa kile kilichobaki. Na asiyelikubali hilo hukaa akingoja mguu wake wa ujanani, hata ule ulioungwa akashindwa kuutumia.

Mzee alirudi tena kwenye kiti. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akamwuliza kijana kama angeruhusiwa kuchukua majongoo machache katika mfuko aende nayo Ukambani.

"Haifai, mzee, kuwatoa humu," akasema kijana. "Tena huna haja. Kwako wamo wa kwenu. Ila hawakai mahali palipochomwa moto na kufagiwa."

Mzee alitikisa kichwa. Kila mwaka baada ya mavuno alichoma mabua ya mahindi, ili shamba lionekane safi.

Ukambani wenyewe una habari yake. Katika miaka ya 1930 vilima vya Machakos vilikuwa vimevuliwa udongo kiasi ambacho maofisa wa wakati ule waliandika habari zake kama za nchi inayokufa. Serikali ya kikoloni ilitaka kuwapunguzia watu ng'ombe kwa nguvu, na mwaka 1938 Wakamba kwa maelfu walikwenda Nairobi kupinga, wakiongozwa na Muindi Mbingu. Amri haikuiponya nchi. Kilichoiponya ni matuta, hasa yale ya fanya juu, yaliyochimbwa kwa majembe na vikundi vya mwethya, wanawake wakiwa wengi. Na wataalamu walioipima nchi hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuta watu wameongezeka zaidi ya mara tano, na mmomonyoko umepungua. Mzee hakuhitaji kusomewa hayo katika kitabu. Mama yake alikuwa miongoni mwa wanawake wale.

Jioni ile, nyumbani, alimwambia mwanawe achukue kalamu. Barua ilikuwa fupi. Mbuzi wafungwe, wasipite tena korongoni. Mawe na matawi ya miiba yapangwe kukingama korongo, kuanzia juu, ili mvua ijayo iache tope lake pale. Makonge yapandwe kwenye kingo, maana hayo hayachagui ardhi; mahindi yasubiri. Mabua ya mwaka huu yasichomwe, yalazwe juu ya udongo. Na ndugu yake mdogo aende kwa wanawake wa mwethya, awaombe kwa adabu, awaambie ya kuwa mwenye shamba atakuja kushika jembe mwenyewe.

"Nimwandikie lini, baba?" akauliza mwanawe.

Mzee aliutazama mguu wake. Siku ya kufunguliwa plasta ilikuwa bado wiki kadhaa, na daktari alikwisha kumwonya ya kuwa mguu utatoka mwembamba, na ya kuwa nyama zake zitarudi kwa kutembea tu, kidogo kidogo, tena kwa maumivu.

"Andika kabla ya mvua," akasema.